Pemba ya Kwa Betri

Mimi Ferista Nzunda nimeuza pemba miaka kumi na tisa, na kama yuko mjamzito wa Tunduma ambaye hajawahi kutafuna udongo wangu, basi huyo ni mgeni wa juzi. Nasema udongo, sisemi kisiwa. Ni ule udongo mweupe tunaoula wanawake tukiwa na mimba, unaotuliza kichefuchefu na kukausha mate. Hospitali wanatukemea, tunaitikia "sawa, daktari," tukitoka getini tunanunua. Mama yangu alinifundisha kuutambua kule Mbebe nilikozaliwa: unausugua kwenye ufizi, ukisikia mchanga unatema, ukisikia ulaini unachimba.

Nilipoolewa huku mpakani nilitafuta mwaka mzima, nikaupata kwenye ukingo wa korongo lililo chini ya mtaa wetu. Nachimba, naloweka, nachuja, nakanda, nafinyanga vipande vya urefu wa kidole, naanika juani siku tatu. Kabla ya kuanika nabonyeza kila kipande kwa dole gumba la kulia. Dole langu hili lina kovu la mundu lililolipasua katikati tangu usichana, kwa hiyo alama yake haifanani na ya mtu mwingine. Wateja walikuwa wakiambiana, ukitaka pemba ya kweli tafuta yenye dole lililopasuka. Nilijivunia sana hilo. Siku hizi nikilitazama dole lenyewe natamani kulikata.

Kiwanda kilikuja miaka mitatu iliyopita. Malori yanalala foleni hapa kusubiri kuvuka kwenda Zambia na Kongo, na penye malori mengi hapakosi betri zilizokufa. Mtu akaona mali. Akazungusha ukuta wa bati juu ya korongo letu, akajenga tanuri, akaanza kupasua betri na kuyeyusha yaliyomo ndani. Watu wakapaita Kwa Betri. Siku ya uzinduzi tuligawiwa soda na fulana, na msoma hotuba akasema ajira, ajira, ajira, mpaka sauti ikamkauka. Yonathani, mume wa binti yangu Atupele, akapata kazi ya kulisha tanuri. Nilipiga vigelegele siku hiyo, sitaficha. Nilicheza mpaka kilemba kikadondoka.

Moshi ulianza wiki hiyohiyo. Ulikuwa unashuka badala ya kupanda, unaingia ndani ya nyumba, unaacha ladha ya msumari mdomoni. Maji waliyooshea betri waliyatoa kwa bomba, na bomba likamwaga korongoni, hatua kama arobaini juu ya pale ninapochimba. Mbuzi wa jirani yangu Nikodemo walikunywa, wakaanza kuzunguka mahali pamoja kama waliofungwa kigingini, wakafa sita. Mahindi ya bondeni yakawa na majani meupe. Watoto wakakohoa.

Na pemba yangu je? Pemba yangu ikawa tamu.

Hapo ndipo hasira yangu yote inapolala, kwa hiyo nisikilize vizuri. Mwaka wa pili wa kiwanda, udongo wa ukingo ule ukaanza kuwa na utamu kwa mbali. Mimi huonja kila asubuhi, nikautambua mara moja. Wateja wakaupenda kuliko zamani. Waliokuwa wanachukua fungu moja wakachukua matatu. Akina dada wa stendi wakaja kununua kwangu kwa jumla wakauze kwao. Nilipaswa kujiuliza, udongo umepata wapi sukari? Sikujiuliza. Nilisema Mungu ameubariki ukingo wangu, nikapeleka shukrani kanisani, nikasimama mbele ya waumini na kikapu cha mayai. Nilimshukuru Mungu kwa sumu, na wakanipigia makofi.

Kuhusu moshi hatukunyamaza. Tuliandika barua tatu kwenye ofisi ya ukaguzi wa mazingira, mtaa mzima tukaweka dole gumba kwa wino, langu likiwa la kwanza juu. Mimi nilikomea darasa la nne, na saini yangu hubadilika kila nikiandika, lakini dole halibadiliki. Kila baada ya barua alikuja mkaguzi, mwanamke kijana aitwaye Bi Ketrina, miwani, koti, viatu safi. Na kila mara kiwanda kilijua tangu jana yake. Tulijuaje? Yonathani alikuwa anarudi mchana, anavua buti, anasema, "Mama, kesho tanuri linapumzika."

Basi sisi wanawake tulikuwa tunafua. Siku ya ukaguzi ndiyo siku pekee nguo zilikauka bila kunuka betri, kwa hiyo tulianika kila kitu, hadi mablanketi, hadi mapazia. Bi Ketrina akapita katikati ya kamba zetu, akatazama dohani lisilo na moshi, akavuta pumzi, akaandika. Badala ya kumshika koti na kumkokota hadi korongoni, tulikuwa tunamwomba asichafue mashuka. Ujinga mtupu! Wiki moja baadaye ripoti ikabandikwa ukutani kwenye ofisi ya mtaa, na muhuri wa buluu chini: hewa, maji na udongo ni salama. Udongo wenyewe hakuugusa hata kwa ncha ya kiatu.

Wakati huo Atupele alikuwa anapoteza watoto. Mimba ya kwanza ilitoka ikiwa na miezi mitano. Wa pili alizaliwa wa kike, mdogo kupita kiasi, akaishi siku mbili. Nilimbeba. Alikuwa mwepesi mno mkononi, na kilio chake kilikuwa cha kuchoka, kama cha mtu mzima. Watu wakasema karogwa. Wengine wakasema tumbo lake lina joto. Mimi nilisema, "Mwanangu, kula pemba, itulize hilo tumbo." Kila Ijumaa nilimpelekea vipande bora kuliko vyote, nimevifunga kwenye kitambaa cheupe, kwa sababu huwezi kumlisha mwanao makombo ya sokoni. Alikula huku nikimtazama. Nilimwambia aongeze.

Mwaka huu akashika mimba ya tatu. Ilipofika miezi sita akaanza kuumwa kichwa na tumbo, miguu ikafa ganzi, na kwenye ufizi ukatokea mstari wa buluu. Daktari kijana wa zamu alipouona ule mstari hakumpa panadoli na kumrudisha nyumbani kama wengine. Alimtoa damu, akaipeleka mbali ipimwe. Baada ya wiki tatu alituita wote wawili.

"Damu yako ina madini ya risasi," alimwambia Atupele. "Ndiyo yanayotengenezewa betri. Ni mengi mno. Yanapita hadi kwa mtoto. Unakaa karibu na kiwanda?"

"Mume wangu anafanya kazi humo."

"Nguo zake za kazi zisiingie ndani. Aogee huko huko. Lakini kwa wingi huu, dada, kuna kitu unakila. Unakula nini kisicho chakula?"

Atupele akanitazama mimi.

Nikafungua kitambaa cheupe, maana ilikuwa Ijumaa na nilikuwa nimekuja nacho. Daktari akachukua kipande, akakigeuza, akauliza kimechimbwa wapi. Nikamwambia. Nikamwambia pia kwamba siku hizi ni kitamu, tena nikasema kwa fahari kidogo, midomo ilikuwa haijapata habari za moyo. Akakiweka mezani polepole.

"Mama," akasema, "chumvi za madini hayo zina utamu."

Nilidhani nitalia. Sikulia. Nilitaka kumpiga mtu, na mtu aliyekuwa karibu kuliko wote nilikuwa mimi.

"Mtoto atapona?" nikauliza.

"Tuache kwanza kuongeza sumu. Ahame pale, ale vizuri, aje hapa kila wiki. Bado yu hai, moyo wake nausikia. Ila kile kiwanda kikiendelea kumwaga, hatakuwa huyu peke yake. Mnatakiwa watu wa ukaguzi wapime ule udongo. Mimi nikipiga kelele wananiambia nibaki na sindano zangu."

Atupele nilimpeleka siku ileile kwa dada yangu Mbebe, kwenye hewa ya milimani. Njiani hakunilaumu. Ningefurahi angenilaumu. Alipokuwa anashuka aliniambia tu, "Mama, wale wanawake wengine je?"

Kesho yake nikaenda sokoni na beseni langu, sikupanga kitu mezani. Nikasimama juu ya kigoda. Mwanaisha, muuza viungo tuliyekaa naye meza moja miaka tisa, akaniuliza, "Shoga, leo unahubiri?"

"Ndiyo," nikasema, na nikapaza sauti. "Akina mama, msikilize! Pemba yangu ina sumu ya betri. Yenye dole lililopasuka, msile. Aliyenayo nyumbani aitupe chooni. Aliyekula akapimwe damu. Mimi Ferista ndiye niliyewauzia, na sikujua, na sijitetei."

Mwanamke mmoja mwenye mimba kubwa akatema palepale. Mwingine akanitukana tusi la mama, nikalipokea, lilikuwa haki yake. Mwanaisha, ambaye hajawahi kuniacha nishindwe peke yangu, akaanza kuzunguka meza kwa meza akirudia maneno yangu kwa sauti kubwa kuliko yangu. Beseni zima nililimwaga kwenye shimo la choo cha soko. Miaka kumi na tisa ya kazi niliifunga kabla ya adhuhuri. Sikuhitaji kikao, kibali wala kamati.

Jumatatu nikavaa kitenge cha kanisani, nikachukua karatasi ya hospitali, nikaenda kwa Bi Ketrina.

Ofisi yake ilikuwa na feni, kalenda tatu na kabati kubwa la chuma lenye kufuli. Alikuwa ameketi nyuma ya meza na koti lake. Umri wake ni wa binti yangu, lakini shikamoo haikutoka.

"Karibu mama. Una shida gani?"

Nikamweleza yote, tangu bomba hadi damu ya Atupele. Nikamwekea karatasi mezani. Akaisoma nusu.

"Pole sana. Lakini sisi hatufanyi kazi kwa karatasi ya hospitali, mama. Tunafanya kazi kwa vipimo."

"Basi pima. Ule udongo upo, haujakimbia."

"Kuchukua sampuli ya udongo kunahitaji vifaa. Vifaa hatuna. Tumeomba tangu mwaka juzi."

"Kama hamna vifaa, uliandikaje kwamba udongo ni salama?"

Akavua miwani, akaifuta. "Tuliangalia kwa macho. Na kile kiwanda kina kibali halali. Halafu, mama, tuwe wakweli. Nani aliwatuma kula udongo? Mnakula uchafu kwa mila zenu, mkiugua mnaitafuta serikali."

Mtoto wa watu, amekula ada za wazazi wake, kasoma hadi kapewa muhuri, na hilo ndilo jibu alilonalo.

"Niachie nakala nigonge imepokelewa," akasema. Akavuta droo kutafuta muhuri.

Nikaona. Pembeni mwa muhuri, juu ya kipande cha gazeti, palikuwa na pemba vipande vitatu. Kimoja kilikuwa kimeng'atwa. Na kwenye vile viwili vizima, kichwani, palikuwa na alama ya dole lililopasuka katikati.

Nikamtazama upya. Lile koti lilikuwa halifungi. Tumbo lilikuwa la miezi mitano, labda na nusu.

Nitakuambia ukweli, na ukitaka kunihukumu nihukumu. Nilitaka kunyamaza. Nilitaka agonge muhuri wake, nipokee nakala yangu, niage vizuri, nimwache na droo yake. Ale. Aliandika mwenyewe kwamba ni salama, basi ale alichoandika. Nilikaa pale na wazo hilo na likanipendeza, lilikuwa tamu kama udongo wenyewe. Nikamwona Atupele kitandani. Nikamwona yule wa siku mbili. Halafu nikamfikiria huyo aliye nyuma ya koti, ambaye hajaandika ripoti yoyote, hajagonga muhuri wowote, na anapokea tu anachopewa na mama yake.

"Hiyo pemba umeitoa wapi?" nikauliza.

Akafunga droo haraka, kwa aibu. "Nanunua kwa dada mmoja stendi. Kichefuchefu, mama. Si kila siku."

"Huyo dada anachukua kwangu. Imetoka korongo la Kwa Betri."

Akacheka kidogo. "Pemba zote zinafanana."

Nikanyoosha mkono, nikaifungua droo mwenyewe, nikachukua kipande kizima na kulaza dole langu kwenye alama. Liliingia, kovu kwenye kovu. Nikamwonyesha. Hakucheka tena.

"Umeanza kula lini?"

"Tangu mwezi wa pili wa mimba." Sauti yake ilikuwa imekuwa ndogo, ya msichana. "Ni tamu. Nilimwambia yule dada asiniuzie nyingine ila hii."

Akaisoma ile karatasi ya hospitali tena, safari hii yote, mstari kwa mstari. Kisha akasimama, akatoa funguo kwenye mkoba, akaenda kwenye kabati la chuma, akalifungua.

Vifaa vilikuwepo.

Chupa za sampuli zilikuwa zimepangwa kwenye maboksi, hazijafunguliwa, utepe wa kiwandani bado upo. Glovu na barakoa pia. Vijiko vya chuma vya kuchotea udongo, mifuko yenye lebo, na fomu rundo zima zimefungwa kamba. Vumbi juu yake lilikuwa la kuandikia jina. Miaka mitatu tumeandika barua, na vitu hivi vimelala hatua mbili kutoka kwenye kiti chake. Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Nililisema hilo kwa sauti, na akalisikia, na hakugeuka.

Saa moja baadaye tulikuwa korongoni. Hakupiga simu kiwandani. Tanuri lilikuwa linawaka, moshi umeshuka hadi magotini, bomba linamwaga maji ya kijani. Mlinzi alipiga kelele kutoka juu ya ukuta, kisha akaja meneja mwenyewe mbio, anasema, "Madam, mbona hukutuarifu?" Mbona hukutuarifu! Alilisema mbele yangu bila haya, maana ndiyo desturi yao. Bi Ketrina alikuwa amepiga magoti kwenye tope na viatu vyake safi, anachota udongo kwenye ukingo wangu, anajaza chupa ya kwanza, ya pili, ya tano, na machozi yanamdondoka ndani ya barakoa. Moshi ulikuwa mkali, lakini sidhani ulikuwa moshi.

Hajawahi kulia kwa ajili ya Atupele. Nilisimama nikamtazama, na huruma niliyoitafuta sikuipata nyingi.

Alipomaliza akatoa fomu na kidau cha wino. "Inahitajika sahihi ya shahidi, mama. Niliyechukua ni mimi, uliyeona ni wewe."

"Kwanza andika sababu," nikasema. "Andika kuna watoto wawili wamekufa nyumbani kwa Atupele. Mmoja wa miezi mitano tumboni. Mmoja wa siku mbili, wa kike, alikuwa anaitwa Tusekile."

Akaipekua fomu mbele na nyuma. Aliipekua kweli, sitamsingizia. "Mama," akasema, "fomu haina sehemu ya hilo."

Meneja alikuwa bado anaongea, habari za kibali. Nikachukua kidau cha wino kutoka mkononi mwa Bi Ketrina, nikachovya dole. Nikabonyeza pale penye mstari wa shahidi. Kisha nikabonyeza tena pembeni, mahali peupe, pasipo na swali lolote lililoandikwa. Na tena chini yake. Madole mawili yaliyopasuka, karibu karibu.

"Hizo nyingine ni za nini?" akauliza meneja.

Bi Ketrina hakuuliza. Alikuwa ameweka mkono kwenye tumbo lake, anatazama nafasi nyeupe iliyobaki chini ya zile alama mbili. Nami nilikuwa naitazama hiyohiyo. Atupele ana miezi saba. Nikafuta wino kwenye kitenge changu cha kanisani, nikamrudishia kidau chake.